Maktaba yenye mlango wa siri: maswali tunayoulizwa kuhusu riwaya za njozi za mjini zinazosimulia vitabu na maktaba

Kikundi chetu cha kusoma hukutana Tabora mjini mara mbili kwa mwezi, katika chumba tulichoazimwa karibu na soko, na rafu inayoguswa kuliko zote ni ile yenye riwaya ambazo ndani yake maktaba ina nguvu za ajabu. Wanaofika kwa mara ya kwanza huuliza maswali yanayofanana, na baadhi yao huyauliza kwa wasiwasi wa kweli. Nimeyaandika hapa pamoja na majibu yangu mimi ninayeitunza rafu hiyo. Wenzangu wana ya kwao, na katika mambo mawili matatu hatujakubaliana.

Riwaya za njozi za mjini ni riwaya za namna gani?

Ni riwaya ambazo mambo yasiyo ya kawaida hutokea katika mji wa kawaida, wenye daladala, umeme unaokatika na majirani wanaopenda kujua ya wenzao. Msomaji hapelekwi katika falme za kale wala katika sayari za mbali. Hubaki mtaani, na mtaa huo huo ndio unaomwonyesha uso wake wa pili. Neno njozi ni ndoto au maono yanayomjia mtu, nasi tumelichagua kwa sababu linabeba ile hali ya kuona jambo mahali unapopafahamu vizuri, kisha ukashindwa kusema kama ulikuwa macho au usingizini. Wengine husema fantasia, na hakuna ubaya.

Kwa nini nyingi kati yake zinahusu vitabu na maktaba?

Mtunzi wa riwaya ya aina hii anahitaji mlango ambao mtu wa kawaida ataupitia na kuingia katika yasiyo ya kawaida, na mjini hakuna mlango unaofaa kuliko wa maktaba. Uko wazi kwa watu wote, hauulizi kabila wala kipato, na nyuma yake kuna ukimya, vyumba ambavyo msomaji haruhusiwi kuingia, na mkutubi anayejua kila kitu kilipo. Ukitazama mgongo wa kitabu cha maktaba utakuta tarakimu zilizobandikwa. Hizo ni anwani yake katika mpangilio uliotungwa na Mmarekani Melvil Dewey na kuchapishwa mwaka 1876. Katika mpangilio huo ngano za kale hukaa kwenye 398, na mambo ya uaguzi na uchawi kwenye 133. Aliyezijua tarakimu hizo hutembea katikati ya rafu kama mwenyeji, na asiyezijua huzunguka mpaka maktaba inafungwa. Siri iliyowekwa wazi mbele ya macho ya watu wote, na bado ni wachache wanaoisoma, ni zawadi kubwa kwa mtunzi.

Sababu ya pili ni kitabu chenyewe. Alama nyeusi juu ya karatasi hutoa sauti ya mtu aliyefariki miaka mia moja iliyopita, ikamliza mtu aliye hai jioni ya leo, na sisi tumelizoea jambo hilo kiasi cha kutolistaajabia tena. Wazee wa pwani, na wale waliofika Unyanyembe, nchi yetu hii ya Tabora, pamoja na misafara, walilistaajabia. Waliandika aya kwa zafarani ndani ya sahani, wakayaosha maandishi kwa maji, wakamnywesha mgonjwa kombe hilo. Na hirizi ambayo mtoto alifungwa mkononi ilikuwa karatasi iliyoandikwa, ikakunjwa na kushonewa ndani ya ngozi. Simwambii mtu aamini au asiamini. Ninachosema ni kwamba msomaji wa Kiswahili anapokutana na riwaya ambamo maandishi hunywewa, huvaliwa au hufungua mlango, yuko nyumbani kuliko msomaji wa London.

Riwaya hizi zina mvuto gani kwa msomaji wa Tabora, ambako vitabu vyenyewe ni vichache?

Uchache huo ndio unaozipa nguvu. Mtu anayeishi katikati ya maduka ya vitabu huweza kuifurahia maktaba ya ajabu kama pambo la hadithi, lakini aliyekitafuta kitabu kimoja kwa miaka miwili, akaambiwa kiko kwa mwalimu fulani Nzega, akafuatilia na kuelezwa kwamba mwalimu amehamia Mpanda nacho, anaelewa mara moja kwa nini watu wa riwayani wanahatarisha maisha yao kwa ajili ya nakala moja.

Tena mashujaa wa riwaya hizi ni nadra kuwa matajiri. Ni wakutubi, wauza vitabu, wanafunzi na watunza kumbukumbu, watu ambao mtaani hakuna anayewapisha njia, na uwezo wao wote unatokana na kusoma. Katika Libriomancer ya Jim C. Hines, iliyotoka mwaka 2012, mtu mmoja anayefanya kazi katika maktaba ya mji mdogo wa Michigan anaweza kuingiza mkono ndani ya kitabu na kutoa kitu kilichoelezwa humo, mradi kitu hicho kiweze kupita katika upana wa kurasa. Nguvu hiyo haitoki kwake peke yake. Inatoka kwa wasomaji wote waliowahi kuyasoma maneno yale yale na kuyasadiki kwa muda wa kusoma, na kwa hiyo kitabu ambacho hakikusomwa na watu hakina cha kumpa. Nilipolieleza hili kikundini, mzee mmoja aliyestaafu kazi ya reli aliniuliza, “Kwa hiyo, binti yangu, kitabu kisichoazimwa kinakufa?” Nikamjibu, “Kwa mujibu wa riwaya hii, mzee wangu, ndivyo.” Alikaa kimya kidogo, kisha akaomba aondoke na vitabu viwili badala ya kimoja.

Liko jambo jingine ambalo kwangu ndilo zito zaidi, nalo ni huzuni ya kitabu kilichopotea. Nikiwa kidato cha pili niliacha vitabu vyangu katika sanduku la mbao nyumbani kwa bibi, kijijini, nikarudi baada ya masika. Kitabu cha kwanza nilichokishika jalada lake lilikuwa zima na jina la mwandishi linasomeka vizuri. Nilipokifungua, udongo ulimwagika mapajani mwangu. Mchwa walikuwa wamekula kurasa zote na kuliacha jalada likisimama kama nyumba isiyo na watu. Miaka mingi baadaye nilisoma The Shadow of the Wind ya Carlos Ruiz Zafón, iliyotoka kwa Kihispania mwaka 2001, ambamo mvulana wa Barcelona anapelekwa na baba yake katika jumba la siri linaloitwa Makaburi ya Vitabu Vilivyosahaulika, na kuambiwa kwamba anayefika hapo kwa mara ya kwanza huchagua kitabu kimoja na kukilea maisha yake yote ili kisitoweke. Riwaya hiyo haina uchawi wa dhahiri, na wenye kupanga aina za vitabu hawaiweki katika kundi letu. Mimi naiweka, kwa sababu nilipofika mahali hapo nilisikia tena ule udongo mapajani.

Je, riwaya hizi hufundisha uchawi?

Hapana. Swali hili silijibu kwa kucheka hata siku moja, kwa sababu katika ukanda wetu wa Tabora, Shinyanga na Mwanza wapo kina bibi waliouawa kwa kushukiwa kuwa wachawi, na wengine kosa lao lilikuwa macho mekundu yaliyotokana na moshi wa jikoni wa miaka mingi. Mzazi anayeuliza kabla ya kumruhusu mwanawe kusoma ana haki ya kuuliza, na anastahili jibu kamili.

Jibu kamili linaanzia kwenye lugha. Kwa Kiswahili, uchawi ni kumdhuru mtu kwa siri. Uganga ni kutibu na kukinga. Mazingaombwe ni kuyachezea macho ya watazamaji. Karama ni kipawa ambacho mtu amejaliwa na Mungu. Kiingereza kimefunika sehemu kubwa ya mambo haya kwa neno moja, magic, na anayelitafsiri neno hilo kila mara kuwa uchawi humgeuza mkutubi mwema kuwa mlozi mbele ya wasikilizaji. Sisi tunaposimulia riwaya hizi husema nguvu ya maandishi, au uganga wa vitabu pale panapofaa, na uchawi tunawaachia wale wanaodhuru. Mabadiliko hayo madogo yametuondolea ugomvi mwingi.

Ukishayapanga maneno hivyo utaona kwamba riwaya hizi hazina kanuni ya kumfundisha mtu chochote cha kutenda gizani. Mkono hauwezi kuingia ndani ya kitabu chako, na mwandishi anajua kwamba wewe unajua. Hata hivyo ziko riwaya ninazokataa kuziweka kwenye rafu: zile zinazomchora mwanamke mzee anayeishi peke yake kuwa mwovu kwa sababu ya uzee na upweke wake tu. Huenda msomaji wa mbali akazipita bila madhara. Hapa kwetu sitaki kushiriki.

Nianze na riwaya ipi?

Kama unasoma Kiingereza, anza na The Library of the Dead ya T. L. Huchu, mwandishi kutoka Zimbabwe, iliyochapishwa mwaka 2021. Mhusika wake mkuu ni Ropa, binti wa Edinburgh mwenye asili ya Zimbabwe, aliyeacha shule ili amtunze bibi yake na mdogo wake wa kike, na anayejipatia riziki kwa kupeleka ujumbe wa wafu kwa ndugu zao walio hai. Huzungumza na mizimu kwa kupiga mbira, ala ya Washona, ndugu wa marimba ya mkono tunayoijua sisi. Maktaba ya siri iko chini ya kilima cha mji huo. Napenda kwamba binti huyo anadai malipo yake, anahesabu nauli, na anarudi nyumbani akiwa na njaa. Ajabu haikumwondolea shida, na hilo ndilo linalomfanya aaminike.

Baada ya hapo chukua The Invisible Library ya Genevieve Cogman, ambamo Maktaba moja iko nje ya nyakati zote na wakutubi wake hutumwa katika dunia nyingi kwenda kuchukua vitabu vya pekee, aghalabu kwa wizi. Silaha yao ni Lugha maalumu ambayo vitu huitii: ukiuambia mlango kwa Lugha hiyo kwamba umefunguka, unafunguka. Msimulizi yeyote wa Kinyamwezi aliyewahi kuwatuliza watoto wakorofi kwa neno la kwanza la hadithi anaufahamu uwezo wa namna hiyo. Wengi wetu walianza na hiyo kwa kuwa inakwenda mbio. Mimi bado namtanguliza Ropa.

Kiingereza changu si kizuri. Kuna za Kiswahili?

Rafu yetu ya Kiswahili haina riwaya ya mjini ambayo kiini chake ni maktaba ya ajabu, na pengo hilo linaniuma. Zipo zinazoikaribia, nazo ni nzuri. Shaaban Robert aliijenga Kusadikika, nchi iliyo angani, katika kitabu kilichotoka mwaka 1951. Euphrase Kezilahabi aliuacha uhalisia aliouzoea alipoandika Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991, vitabu vyembamba ambavyo huwezi kuvimaliza kwa kuvisoma mara moja. Said Ahmed Mohamed, katika Babu Alipofufuka ya mwaka 2001, alimrudisha babu marehemu katika maisha ya mjukuu wake mwenye cheo kikubwa, na kati ya hivi vyote hicho ndicho kilicho karibu zaidi na tunachokizungumzia, kwa sababu mfu anaingia katika dunia ya leo.

Kwa za Kiingereza, tunasomeana. Mmoja hushika kitabu, husoma ukurasa kimoyomoyo, kisha husimulia kwa Kiswahili, na anayejua lugha zote mbili husahihisha. Kazi hiyo ina heshima yake katika mji huu: Julius Nyerere, aliyesoma sekondari hapa hapa Tabora kuanzia mwaka 1937 hadi 1942, ndiye aliyekuja kumtafsiri Shakespeare kwa Kiswahili katika Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi.

Maktaba zinazosimuliwa humo zina asili yoyote ya kweli?

Zipo nyingi zenye asili, na ukweli wenyewe mara nyingine hushinda njozi. Waandishi hurudi mara kwa mara kwenye maktaba ya kale ya Aleksandria nchini Misri, ambayo husimuliwa kwamba meli zilizotia nanga zilipekuliwa, vitabu vikachukuliwa na kunakiliwa, na mwenyewe akarudishiwa nakala badala ya kitabu chake. Hurudi pia kwa Jorge Luis Borges wa Argentina, ambaye mwaka 1941 alitoa hadithi fupi ya maktaba isiyo na mwisho, yenye vyumba vya pembe sita na vitabu vya kurasa 410 kila kimoja, vyenye kila mpangilio wa herufi unaowezekana. Mwaka 1955 aliteuliwa kuwa mkurugenzi wa Maktaba ya Taifa ya nchi yake, wakati macho yake hayakuweza tena kusoma.

Lakini ninaowasimulia wageni wetu kwanza ni watu wa Timbuktu. Mwaka 2012, wapiganaji walipouteka mji huo wa Mali, wakutubi na familia zenye hati za kale walizipakia katika masanduku ya bati na kuzitorosha kidogo kidogo, kwa magari na kwa mitumbwi, hadi Bamako. Kila aliyesoma bweni hapa nchini analijua sanduku hilo. Tulikuwa tunaliita tranka, na ndani yake tulifungia sabuni na sukari. Fikiria tranka lako limebeba elimu ya karne nyingi, na wewe umelikalia juu kwenye kizuizi cha barabarani.

Mtoto wangu anaweza kuzisoma?

Nyingi ziliandikwa kwa watu wazima na zina mauaji. Isome wewe kwanza, au msome pamoja.

Zitamsaidia katika mtihani?

Haziko kwenye mtaala. Atakayezisoma kwa kuzipenda atajua Kiingereza zaidi na hatakiogopa kitabu kinene, na hilo linatosha kwangu.

Tabora inaweza kuwa mandhari ya riwaya kama hii?

Inaweza, na natamani aiandike mtu aliyezaliwa hapa. Kwihara, kilomita chache kutoka mjini, lipo tembe ambalo David Livingstone alikaa kuanzia Februari hadi Agosti 1872, na ambalo leo ni jumba la makumbusho. Mwaka uliotangulia, akiwa Nyangwe, ng'ambo ya magharibi ya Ziwa Tanganyika, karatasi na wino vilimwishia. Akaandika shajara yake juu ya kurasa za gazeti kuukuu la Uingereza, akikatisha mistari iliyochapwa, kwa wino uliotengenezwa kwa mbegu za rangi za huko. Humo alieleza mauaji aliyoyashuhudia sokoni tarehe 15 Julai 1871. Kadiri miaka ilivyopita wino ulififia hata maandishi yasiweze kusomeka, mpaka watafiti walipozipiga picha kurasa hizo kwa mianga ya rangi mbalimbali, mingine isiyoonekana kwa macho, nayo yakajitokeza upya. Yalitolewa kwa wasomaji mwaka 2011. Shajara kubwa ambamo Livingstone mwenyewe aliyanakili mambo hayo inaitwa hadi leo kwa jina la Unyanyembe, na ndiyo ambayo Henry Stanley, mwandishi wa habari aliyekuja kumtafuta, aliibeba alipoondoka hapa Machi 1872. Kitabu chenye jina la nchi yetu, chenye ndugu yake aliyefutika na kufufuliwa na mwanga: mtunzi anahitaji nini zaidi?

Anahitaji mji, na mji upo. Iko stesheni iliyofikiwa na reli mwaka 1912, ambapo njia ya Mwanza na njia ya Kigoma zinaachana, na ambapo abiria husubiri usiku kucha akiwa na muda wote wa kukutana na mtu asiye wa kawaida. Ipo miembe mikubwa ambayo wenyeji huihusisha na misafara. Kipo Kipalapala, kulikokuwa na kiwanda cha uchapaji cha misheni ambacho vitabu vyake vya Kiswahili, vyenye herufi T.M.P. na jina la Tabora chini yake, bado vinakutwa katika nyumba za wazee, vimefungwa kwa kitambaa pamoja na vyeti vya ubatizo. Tulipokuwa tukiisoma ile riwaya ya Cogman, tukafika mahali ambapo mlango wowote wa kawaida unaweza kufunguka ndani ya Maktaba, yule mzee wa reli aliniuliza kama stoo ya mizigo ya stesheni nayo ingeweza. Nikamwambia ingeweza. Akasema kwamba katika miaka yake yote ya kazi uko mlango mmoja ambao hakuwahi kuuona wazi, na kwamba sasa amejua kwa nini ufunguo wake haukuwahi kuonekana.

Nina kitabu kisicho na kurasa za mwisho. Mnakipokea?

Tunakipokea, na kama si kwa kitabu cha namna hiyo kikundi kisingefika kilipo. Tuliletewa riwaya moja iliyokatika mgongo, ambayo mkunjo mzima wa mwisho, kurasa kumi na sita, ulikuwa umechomoka. Ndani ya jalada la nyuma bado kilikuwepo kile kimfuko cha kadi ya maktaba, na kadi yenye mihuri ya tarehe za kurudisha, ya mwisho ikiwa ya miaka ya themanini. Msomaji wa kwanza aliporudi akiwa amekasirika kwa kukosa mwisho, nilimpa kaunta buku nikamwomba aandike anavyofikiri mambo yaliishaje. Aliandika kurasa mbili. Wa pili alisoma riwaya, akasoma na mwisho ule, akaukataa, akaandika wa kwake. Sasa imo miisho kumi na moja kwa mwandiko wa watu kumi na mmoja, mmoja wao amefariki, na mwisho wake ndio unaoombwa zaidi. Tumelipa daftari hilo namba yake mgongoni, likakaa kando ya riwaya yenyewe, na anayeazima kimoja huandikiwa vyote viwili.